Mahali Wazi

Jina langu ni Muturi, na kwa lugha ya kwetu muturi ni mhunzi. Lakini tangu nizaliwe sijafua hata msumari. Mimi ni fundi wa umeme. Mhunzi wa kweli pale Shauri Moyo alikuwa jirani yangu Phelister Wekulo, Mama Patrobas, na hakuniacha nisahau jambo hilo. Asubuhi nikipita mlangoni pake ananiita, "Muturi wa waya!" kisha anaangua kicheko mpaka watu wa safu ya nyuma wanajua kwamba nimetoka kwenda kazini.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alitoka kwao Bungoma akimfuata mumewe, Wekulo, aliyekuwa akitengeneza majiko na koroboi za mafuta ya taa kwa mabati ya mikebe. Wekulo alipofariki, ndugu zake walikuja kuchukua vyombo vya kazi, kikiwemo kipande cha reli alichokuwa akifulia bati. Phelister alikikalia. Wao wakakaa nje wakimngojea ainuke, naye hakuinuka. Jua lilipotua walichukua nyundo mbili za zamani wakaenda zao, na kesho yake mama huyo alianza kupiga bati mwenyewe. Wanaume wanaofua mabati katika soko la Gikomba walimcheka sana. Baadaye watu waligundua kwamba koroboi za Phelister hazivuji, na kicheko kikaisha polepole.

Nimeanza na habari ya kile kipande cha reli ili mjue ni mtu wa aina gani. Akishakaa, amekaa.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya Mwewe, kule Eneo la Viwanda, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kazi ya Mwewe ilikuwa kuunda ndege zisizoruka. Marubani wa jeshi, na wale wa ndege ndogo za abiria, walijifunzia ndani yake kabla ya kukabidhiwa ndege halisi, ili wakikosea asife mtu. Unaingia katika chumba kidogo chenye kiti, usukani, saa na swichi za ndege, na mahali pa kioo cha mbele pana televisheni. Ukivuta usukani, ardhi inadidimia chini yako. Ukiusukuma, ardhi inakujia usoni. Nimeona wanaume wazima wakitoka mle mbio kutafuta ndoo ya kutapikia, na hawakuwa wameondoka Eneo la Viwanda hata kidogo.

Mtaani waliita kazi yetu "ndege ya uongo", na neno hilo liliniudhi mno. Kila kitu mle kilikuwa cha kweli isipokuwa kwenda.

Siku hizi ardhi hiyo huchorwa na kompyuta. Miaka ile ya sabini ilikuwa lazima iundwe kwa mikono. Katika ukumbi wa pili ulisimama ubao mrefu kama ukuta wa kanisa, na nchi nzima ilikuwa imebandikwa juu yake, ikiwa imesimama wima: vilima vya karatasi na gundi, mito ya rangi, miti ya sponji, barabara, uwanja wa ndege. Kamera ilitembea kwenye reli mbele ya ubao, ikifuata kila alichofanya mwanafunzi kule chumbani, na alichoona yeye kwenye televisheni ndicho kamera ilichoona ubaoni. Kamera ile ilipenda mwanga kuliko kipepeo. Basi ukuta wa upande wa pili ulikuwa wa taa tupu, na taa hizo zilikuwa zangu. Ukumbi ulikuwa na joto la jiko la mkate.

Wakati mmoja nzi alitua ubaoni. Mwanafunzi akapiga kelele kwamba kuna mnyama mkubwa kuliko kanisa anavuka uwanja wa ndege. Mkufunzi wetu, Kapteni Mulama, rubani mstaafu asiyebabaishwa na kitu, alimwambia azunguke hewani mpaka mnyama apite. Mimi nikapanda ngazi na gazeti.

Phelister aliingia Mwewe kwa sababu ya mabati. Meneja wetu, Bwana Bedan Thuo, alitaka mapaa ya mabanda ya ndege yang'ae kama bati, na karatasi iliyopakwa rangi ya fedha ilikuwa ikimwaibisha, maana kamera inaijua karatasi. Nikamwambia nina jirani mhunzi. Alipomwona Phelister mlangoni na leso yake nyekundu kiunoni, alinitazama mimi. Phelister hakungoja tumalize kutazamana. Alichukua mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokuwa rafuni, akamwaga majani ya chai ya meneja yaliyotiwa humo juu ya meza, akakata kipande kidogo kwa mkasi wa bati, akakisugua juu ya meno ya kitana chake cha nywele mpaka kikapata mikunjo ya bati la nyumba. Akakiweka juu ya kidole cha Bwana Thuo. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi.

"Hiyo mvua haiwezi kuingia," alisema.

Aliipenda kazi ile. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani alikuwa mtu wa kulalamika tangu mwanzo. Aliimba akifanya kazi, vibaya, na alitengeneza kila kitu alichopewa: mabanda, matangi ya maji, ua wa uwanja wa ndege, hata nyasi, ambazo zilikuwa vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani. Ubao ulikuwa umegawanywa vipande, na kila kipande kina karatasi yake inayosema wapi kilima, wapi barabara, wapi nyasi. Hukuona nchi ukiwa kazini. Uliona karatasi na gundi, kama mshonaji anayeshona mkono wa koti ambalo hajalionyeshwa. Kulikuwa na kipande kimoja kirefu chenye mto unaojipinda, na karatasi yake ilikuwa na neno moja tu: wazi. Phelister akakijaza nyasi nzuri sana.

Kipande hicho kilikuwa Bonde la Mathare. Ramani tuliyofuata ilikuwa ya zamani, ya kabla ya watu kujaza nyumba pale, nasi hatukuiuliza kitu.

Ubao ulipokamilika, Kapteni Mulama alianza kuwaita marubani wachanga waje wajaribu mashine kabla ya jeshi kuichukua. Asubuhi moja Phelister alikuja kurudisha tangi la maji lililokuwa limeng'oka, akapita katika chumba cha mkufunzi, ambapo palikuwa na televisheni ya pili ya kumwonyesha Kapteni anachoona mwanafunzi. Mimi nilikuwa hapo nikibadilisha fyuzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona ile nchi ikitembea. Alisimama na tangi lake mkononi, akitabasamu kama mtoto.

Kijana aliyekuwa ndani alikuwa ndiyo kwanza ametoka ardhini. Kapteni akazima swichi moja na kusema kwenye kipaza sauti, "Injini imekufa. Tafuta mahali wazi."

Ndege ikainama. Yakapita mapaa, ikapita barabara, kisha likatokea bonde la kijani na mto unaojipinda.

"Naona bonde, Kapteni."

"Vizuri. Shuka hapo."

Kijana akashuka. Nyasi zikaja, zikaja, zikajaa televisheni nzima, na taa ya kijani ikawaka kuonyesha kwamba ametua salama. Kapteni akampongeza. Nilipogeuka, nilimwona Phelister hatabasamu tena.

"Kapteni," alisema, "hapo ni wapi?"

"Bondeni, mama."

"Hapo mto inajipinda ni kwa Lenah."

Lenah alikuwa mdogo wake. Aliishi Mathare, akifulia watu wa Eastleigh nguo, na nyumba yake ya mbao na mabati ya mikebe ilikuwa chini kabisa, palepale mto unapokata kona. Kila Jumapili baada ya kanisa Phelister alitembea kwenda kumwona. Nilikuwa nimemsindikiza mara nyingi, na mimi pia niliijua ile kona. Niliitazama ile televisheni nikaona nyasi tupu.

"Mrudishe tena," Phelister alisema.

Kapteni, kwa heshima tu, akarudisha. Injini ikafa tena, na kijana akatua tena kwa Lenah, vizuri kuliko mara ya kwanza.

Jioni ile tulitembea kurudi nyumbani, naye hakuniita muturi wa chochote. Tulipofika karibu na soko nilimwambia asijali, yale ni mazoezi tu.

"Mazoezi ni nini, Baba Nduta?"

"Si ni kufanya kitu mpaka ukizoee."

"Umejisikia wewe mwenyewe?"

Nilijisikia. Nilikuwa nimelitumia neno hilo kila siku ya kazi, na sikuwahi kulifungua nione kilichomo. Kijana yule alikuwa anazoea. Siku injini halisi itakapokufa, hatakuwa na nafasi ya kuwaza. Mikono yake itakwenda ilikozoea kwenda, na imezoea kwenda kwa Lenah.

Kesho yake alimwendea Bwana Thuo. Nilikuwa kwenye ngazi nje ya dirisha la ofisi, na sauti ya Phelister haikuhitaji mtu akaribie.

"Ramani inasema ni wazi, mama," meneja alisema.

"Wazi kwa nani? Wewe ukipita hapo juu na gari yako jioni, huoni moshi?"

Bwana Thuo hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. "Naona," akasema. "Mimi najua, Kapteni anajua, hata hao wanajeshi wanajua. Lakini sikiliza. Zoezi haliwezi kukosa jibu. Upande huu kuna mitaa, ule kuna viwanda, kule kuna machimbo ya mawe. Ukinijazia lile bonde, nikimwambia kijana atafute mahali wazi, atatua wapi? Nimuuzie mteja zoezi la kufa?"

Pale juu ya ngazi, ungeniuliza wakati ule ningesema meneja ana haki. Mashine ya kufundisha watu kutua lazima iwe na mahali pa kutua. Hata sasa kuna siku naona hivyo.

Lakini Phelister alikuwa amekaa, kama kwenye kile kipande cha reli. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: rubani yeyote atakayepita katika ubao ule asitoke akidhani kwa Lenah ni mahali pa kushukia. Kila nilipopita mlangoni pake baada ya hapo nilisikia mkasi wa bati. Alikata mapaa madogo kutoka kwa mikebe iliyoshika kutu, si ile inayong'aa, akaziba mengine kwa viraka, akaweka mawe ya changarawe juu ya paa kama watu wa Mathare wanavyoweka ili upepo usiling'oe. Nyumba zilikuwa zinajaa kwenye sinia la ugali. Mwanawe Patrobas alikula kwenye sufuria.

"Hizi zote utaziweka wapi?" nilimuuliza, kama sijui.

"Saa ya chakula, wakati watu wameenda kununua githeri. Wewe utanizimia taa, nisiungue."

Nilikataa. Nilimweleza habari ya kazi yangu, ya Nduta wangu aliyekuwa shule, ya watu wanaofukuzwa. Nilikuwa na hasira kweli, kwa sababu niliogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema, "Sawa, Baba Nduta. Nitaungua." Nikazima taa.

Alibandika nyumba zile kwa gundi ya mafundi wa viatu wa Gikomba, inayoshika mpaka aliyeitia ajute. Alianza juu ukingoni akashuka kuelekea mtoni. Za mwisho alizifungia kamba, nyuzi za cherehani zilizokazwa kati ya vijiti, maana kwa Lenah ni kwa dobi, na nyumba ya dobi huijui kwa paa bali kwa nguo. Hapo akapata shida. Ubao umesimama wima, kwa hiyo vijiguo vyake vilining'inia upande, kama nchi nzima inapulizwa na upepo mmoja usiokoma. Nilimtania kwamba hiyo ndiyo nguo ya kwanza duniani kuanikwa ikaangukia ubavuni. Hakucheka. Alikwenda kwa Lenah, akajifunza kupika uji wa wanga anaotia kwenye kola za mashati, akavichovya vile vipande, na vikakauka vikiwa vimekaa wima kama inavyotakiwa. Kimoja kilikuwa chekundu, kutoka kwenye leso aliyovaa siku ile ya kwanza alipokuja Mwewe.

Bwana Thuo, ambaye hakuingia ukumbini mara kwa mara, aliliona bonde asubuhi ya siku ya kukabidhi mashine. Mgeni alikuwa njiani, meja mmoja wa jeshi aliyetumwa kuijaribu kabla ya kuichukua. Meneja alisimama mbele ya ubao mdomo wazi. Nilidhani atapiga kelele, lakini aliongea chini.

"Mama, toa hizi nyumba."

"Sitoi."

"Ni amri."

"Nimesikia. Mimi siwezi kubomolea dada yangu. Kama ni za kubomolewa, bomoa wewe."

Bwana Thuo akavua koti, akapanda ngazi, akashika paa moja kwa kidole na kucha. Gundi ya Gikomba haikujua kwamba yeye ni meneja. Akavuta kwa nguvu, bati likamkata kidole, na tone la damu likaanguka sakafuni. Aliteremka ananyonya kidole, akamtazama Phelister kwa muda, na honi ya gari la jeshi ikalia langoni.

"Baada ya leo tutaongea," alimwambia. Kila mtu alijua mazungumzo hayo yangekuwa ya nini.

Meja alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye mvi masikioni. Aliingia chumbani, akafunga mkanda kana kwamba anaweza kuanguka kweli. Sisi wengine tulijazana nyuma ya Kapteni: meneja na kitambaa kidoleni, mimi, na Phelister ambaye hakuna aliyemwita wala aliyethubutu kumtoa. Meja aliruka vizuri, akazunguka jiji, akatua, akaruka tena. Bwana Thuo alimnong'oneza Kapteni aliache lile zoezi la injini. Kapteni akazima swichi.

"Injini imekufa, afande. Tafuta mahali wazi."

Meja hakubabaika. Alielekea moja kwa moja bondeni, kama mtu aendaye kwake. Nikajua na yeye amezoea, kwa ramani ile ile ya zamani pengine, au kwa miaka aliyopita pale kabla ya nyumba. Ukingo ukapita. Ndipo mapaa yakatokea, yenye kutu na mawe juu, yamebanana hadi mtoni. Ndege ilikuwa chini mno kurudi nyuma. Yakaja makubwa zaidi. Kisha pale kwenye kona ya mto tukaiona ile kamba, na nguo juu yake, na ile nyekundu katikati.

"Kuna nguo," tulimsikia meja akisema. Hakusema kuna nyumba.

Akakata kushoto kwa nguvu. Televisheni ikalala ubavu, bonde likatoweka, ukuta wa machimbo ukajaa mbele yetu, na taa nyekundu ikawaka.

Bwana Thuo alifumba macho.

"Nimekufa?" meja aliuliza ndani ya kipaza sauti.

"Ndiyo, afande."

"Na wale wa chini?"

Kapteni Mulama alitazama saa za mitambo mbele yake, nadhani kwa sababu hakutaka kututazama sisi. "Hujawagusa."

Kisha meja akasema, "Niwashie. Tuanze upya."

Akafa tena. Safari ya tatu alijaribu kurudi uwanjani, akaanguka kwenye ua alioutengeneza Phelister mwenyewe. Safari iliyofuata aliacha kugeuka, akaenda mbele moja kwa moja, polepole, pua chini, mpaka akafika kwenye barabara ya viwandani na kuvunja ndege vipande vipande bila kuua mtu mwingine. Chai ilikuwa imepoa kwenye meza ya meneja. Meja alipotoka mle shati lilikuwa limemganda mgongoni, na Bwana Thuo akaanza haraka kueleza kwamba zile nyumba ni kosa dogo, zitaondolewa kabla ya mashine kusafirishwa.

"Nani alianika zile nguo?" meja aliuliza.

"Ni mimi," Phelister akasema.

Meja alimtazama. Alimgeukia meneja. "Nyumba zibaki. Hilo zoezi mliandike upya, na mseme ni gumu." Akavaa kofia, akaenda zake, na sikumwona tena maishani.

Yale mazungumzo ya baadaye hayakufanyika. Bwana Thuo alifunga kidole kwa plasta na kumwambia Phelister kwamba paa lile alilovuta limelegea, alitie gundi.

Kabla ubao haujapelekwa, Phelister aliomba ruhusa kumleta Lenah aone. Lenah alikuwa mwembamba, mpole, mikono yake imechunwa na sabuni, kinyume cha dada yake kwa kila kitu. Alisimama mbele ya nchi ile iliyosimama, akatafuta mto kwa kidole, akafika kwenye kona.

"Mlango yangu haiko huko," alisema. "Iko huku kwa choo."

Phelister alikasirika kabisa. Alisema mtu amekesha, amekatwa vidole, amekaribia kufukuzwa kazi, na shukrani yake ni habari ya choo. Lakini kabla ya saa ya kutoka mlango ulikuwa umehamishwa. Wakati anauhamisha, mimi nilimweleza Lenah habari ya meja, jinsi alivyoziona nguo na kukata kushoto. Hakutabasamu kama nilivyotarajia. Aliuliza, "Kwa hivyo kule juu wanaona nguo zangu?" Nikasema wanaziona. Akauliza rangi gani inaonekana vizuri zaidi. Nikasema nyekundu, nikayasahau mazungumzo hayo.

Mwewe haikudumu. Mashine za kompyuta zilikuja, wateja wakahamia huko, na mwanzoni mwa miaka ya themanini lango lilifungwa. Ule ubao nao, nilisikia, ulivunjwa mbao zake zikatumiwa kwa kazi nyingine. Mimi nilirudi kuwatilia watu umeme majumbani. Phelister alirudi kwenye kipande chake cha reli, akaendelea kupiga majiko na kunitukania jina kila asubuhi.

Masika ya mwaka wa themanini na tano tulikwenda naye Mathare kumpelekea Lenah jiko jipya. Mvua ilitukuta njiani, mvua ya kweli, na tulipofika ukingoni bonde zima lilikuwa limejifungia ndani. Kila kamba ilikuwa tupu. Tuliteremka kwenye matope mpaka ile kona ya mto, na hapo juu ya kamba ya Lenah palikuwa na leso moja nyekundu, imelowa chepechepe, inamwaga maji kama bomba.

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope. "Mama," nilimwambia Lenah alipotufungulia, "wewe ni dobi wa namna gani? Nguo inanyeshewa na wewe uko ndani?"

"Za watu nimeingiza," Lenah alisema. "Hiyo ni ya ndege."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilikaa kwenye kigoda chake, nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Mwewe imefungwa. Ubao ulivunjwa. Hakuna mtu anayejifunza tena kwa zile nguo alizoanika dada yake, na rubani aliye juu ya mawingu haoni leso.

Lenah alinisikiliza huku akitumiminia chai. "Lakini hao vijana walifundishwa pale," akasema, "si bado wanaruka?"

Nilisema ndiyo, bado wanaruka.

"Basi."

Nilimgeukia Phelister anisaidie, maana yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Juu yetu, mahali fulani ndani ya mawingu, ndege ilikuwa ikipita kuelekea uwanjani, tukaisikia mpaka vikombe vikatetemeka. Phelister akaweka chai yake chini. Alitoka nje kwenye mvua, akaitoa ile leso kambani, akaikamua kwa mikono yake mikubwa, akaikunjua vizuri, akaianika tena.